Watoto walipewa sweta mstarini, hawakuzivaa. Tunamsaidiaje mtoto bila kumwanika?

FundiSweta (mwanzisha uzi)

Kamwene, ugonile, na shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni mama, nafuma sweta za shule hapa Mbeya, upande wa Mwanjelwa, mwaka wa 14 huu. Mtoto wangu wa mwisho yuko shule ya msingi ya serikali, na mimi ni mjumbe wa kamati ya shule hiyo. Jina la shule naliacha. Walimu wake nawaheshimu, na hili ninaloleta tulilifanya pamoja, mimi nikiwemo na makofi nikapiga.

Mnaoijua Mbeya mnajua mwezi wa sita na wa saba ukoje. Asubuhi Loleza haionekani kwa ukungu, mtoto anafika shule vidole havishiki penseli. Basi mwaka huu wadau fulani wenye moyo mwema walituletea sweta 41. Tukashukuru sana. Siku ya kugawa, mwalimu wa zamu akasimama mstarini na orodha: "Yatima na wanaoishi katika mazingira magumu, ukisikia jina lako pita mbele." Wakapita mmoja mmoja, wakapanga mstari wao, wakapigwa picha na wageni, tukaimba wimbo wa shule, basi.

Wiki iliyofuata nilikwenda shule kwa shughuli nyingine. Mimi kazi yangu ni sweta, hata nikipita njiani macho yanaangukia shingoni kwa mtoto kabla ya usoni. Nikaona sweta za msaada hazipo. Baridi ile ile, watoto wale wale, wamevaa shati tupu. Katika 41 nilihesabu tano.

Nikadhani labda wazazi wameziuza. Nawaombeni radhi wazazi wale, ndivyo nilivyowaza.

Halafu jioni moja akaja binti wa darasa la tano, anaishi na bibi yake muuza viazi pale Sido. Sweta ameikunja ndani ya khanga ya bibi. Akaniamkia, akaitoa, akaiweka juu ya mashine. "Mama, unaweza kuniwekea njano kama za wenzangu? Nina mia tano."

Nikaelewa hapo hapo, na kama fundi niliona aibu kwamba sikuelewa siku ile mstarini. Sweta yetu ya shule ni kijani, ina mistari miwili ya njano shingoni na mmoja kwenye kiwiko cha mkono. Zile za msaada zilikuwa kijani kingine, kimeelekea kwenye bluu, na hazina mstari hata mmoja. Ukisimama getini unamtambua kila aliyepewa. Nikamuuliza wanasemaje wenzako. Akaniambia wanawaita "Mazingira". "Mazingira njoo." "Mazingira umeniibia rula." Lile neno la kwenye orodha likawa jina lao.

Nilifumua shingo, nikavidaka vitanzi vyote, nikaanza upya: kijani kidogo, njano, kijani, njano, nikafunga. Mkononi nikapachika ukanda. Mia tano yake nikamrudishia, akakataa kuichukua, nikaona nimwache nayo heshima yake, nikaipokea. Kesho yake jioni wakaja wawili. Mpaka shule zinafungwa nilikuwa nimefanya 26, na wote walikuja giza likianza kuingia, mmoja mmoja. Hakuna aliyekuja mchana.

Tangu hapo sina raha. Tumezoea kusema shule yetu inapokea kila mtoto, na kweli inapokea: tuna yatima, tuna wenye ulemavu, tuna waliohamia kutoka kila kona, Wanyakyusa, Wasafwa, Wandali, Wasukuma, Wakinga. Lakini akishaingia getini, kila tunapotaka kumsaidia tunamtoa kwanza kwenye mstari wa wenzake. Mimi naamini inawezekana kupanga jambo likamfaa yule mmoja huku linafanyika kwa wote, bila yeye kusimamishwa. Kikao cha kamati ni wiki mbili zijazo na nataka niende na mambo yaliyokwisha kufanyika mahali, siyo na huzuni yangu tu. Kwenye shule zenu mnafanyaje?

---

MwalimuKilolo

Shikamoo mama fundi. Nafundisha Kilolo, mwaka wa tisa. Umenigusa, maana sisi kidonda chetu kilikuwa jikoni.

Wote tunajua elimu bila ada ilivyo. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada, utekelezaji ukaanza Januari 2016, na madarasa yakajaa. Ila sare na chakula cha mtoto wa kutwa vilibaki kwa mzazi. Kwa hiyo chakula cha mchana ni makubaliano ya wazazi, na panapokuwa na makubaliano kuna aliyetoa na ambaye hajatoa.

Kwetu orodha ya waliotoa ilibandikwa kwenye mlango wa jiko. Mpishi anaangalia jina, ana alama anapakua kande, hana alama anamwambia "kamwambie baba". Wasio na alama walikuwa wanakwenda chini ya miti ya milingoti nyuma ya darasa la saba. Mimi nilikuwa nawaona kila siku na nikazoea, Mungu anisamehe. Kilichonizindua ni mtoto mmoja wa kiume, darasa la tatu. Kila siku wenzake wakimaliza kula, yeye anakwenda nao bombani anaosha bakuli lake. Analisugua kwa mchanga, analisuuza, analifuta kwa shati. Na bakuli lile halikuwa limetiwa kitu. Alikuwa anaosha ili aonekane kama amekula.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu siku hiyo hiyo.

Tulichofanya: mkutano wa kijiji baada ya mavuno, mwezi wa saba, wakati kila nyumba ina mahindi. Kila mtoto debe moja la mahindi na maharage kilo tatu kwa mwaka. Asiye na mahindi anakuja siku mbili shamba la shule. Mtu mzima anakuja, mtoto haletwi kulima deni la mzazi wake. Orodha ikatoka jikoni ikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, anayedaiwa anafuatwa nyumbani kwake. Mpishi sasa hana karatasi yoyote, anapakua anayekuja. Deni ni la mzazi, bakuli ni la mtoto, hivyo ndivyo mwenyekiti wetu alivyolisema kwenye mkutano na wazee wakakubali.

Sitakuficha ugumu. Mwaka wa kwanza mahindi yaliisha mwezi wa pili, kipindi ambacho hata nyumbani maghala ni matupu. Kuna waliotoa walikuja juu, wakasema debe langu limeliwa na mtoto wa mvivu. Tukashuka kwenye uji, lakini uji kwa wote, mpaka mahindi mabichi yalipotoka. Mwaka wa pili tuliongeza shamba la shule ekari moja na nusu, ndipo tukapumua.

Na kwetu Iringa hili la chakula halina mjadala. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta watoto chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 56.9 Iringa na 50.4 Njombe, wakati wastani wa nchi ni 30. Huku ndiko kunakolimwa mahindi na viazi vinavyolisha miji. Watoto hao ndio wanaoingia darasa la kwanza kwetu. Ukimnyima na kande ya mchana unamfundisha nini?

---

MzaziNjombe

Dada FundiSweta, nimekusoma kwa utulivu na ninakupongeza kwa kazi ya mikono yako. Ila nina neno tofauti, na naomba nisieleweke vibaya.

Mimi nimeishi na kamati za shule miaka mingi. Unajua kwa nini majina yanasomwa mstarini? Kwa sababu yasiposomwa, vitu vinapotea. Kwenye kijiji changu kuliwahi kuletwa madaftari na viatu vya yatima, vikagawiwa "kimya kimya" ofisini, na Jumapili tukaviona viatu kanisani miguuni mwa watoto wa watu wenye uwezo wao. Waliostahili hawakupata hata soksi. Tangu siku ile tukasema: hadharani, mbele ya wote, jina na mtoto vionekane.

Mtoto kuona haya siku moja na mtoto kukosa kabisa, bora lipi? Mimi nilikuwa yatima. Niliitwa mbele, nikapewa blanketi, nililala na joto. Sikufa kwa kuitwa.

---

FundiSweta

Kaka MzaziNjombe, ahsante kwa kusema wazi, na pole kwa uliyopitia. Sikupingi kuhusu wizi, upo. Ila mtazame tena yule binti: alipata sweta, jina lilisomwa, picha ipo, kila kitu cheupe. Na bado mwezi mzima alisikia baridi, sweta ikiwa imekunjwa nyumbani. Kwa mwenye kutoa hesabu imekamilika, kwa mtoto hakuna kilichofika.

Nadhani uwazi tunaoutaka ni wa watu wazima. Sijui kwenu mngeona vipi kama idadi ndiyo ingetangazwa, zimekuja 41 zimetoka 41, majina yakabaki kwa watu watatu wanne wanaotia sahihi.

---

KofiaPana

Habari zenu. Mimi nina ualbino, nimezaliwa Rungwe, shule ya msingi nimesoma huko huko, sasa ni mtu mzima nina watoto wawili. Nimeandika na kufuta mara tatu, lakini kwa kuwa mada ni hii, nitasema.

Sisi wenye ualbino wengi wetu hatuoni mbali. Tatizo liko ndani ya jicho lenyewe na kwenye njia ya mshipa wa kuona, ndiyo maana miwani inasaidia kidogo tu, na macho ya wengi wetu yanachezacheza. Ubaoni mimi nilikuwa naona ukungu mweupe juu ya weusi. Darasa la pili mwalimu, kwa nia njema kabisa, alinitengenezea dawati langu peke yangu mbele ya wote, hatua mbili kutoka ubaoni. Kila siku alinigeukia: "Wewe, unaona?" Darasa lote linanitazama. Mnadhani nilijibu nini? "Naona mwalimu." Miaka miwili nilijibu naona, na sikuwa naona.

Darasa la nne tukapata mwalimu mwingine, mama mmoja wa Kyela. Yeye hakuniuliza kitu. Alikuwa na tabia moja: kila anachoandika anakisoma kwa sauti wakati anaandika. "Mstari wa kwanza, sita mara nane." Kila neno. Mimi nilikuwa naandika kwa masikio, na wenzangu wanaandika kwa macho, tunamaliza pamoja. Halafu alikuwa anabadilisha watu wa dawati la mbele kila mwezi, wote, ila mimi kwa namna fulani nilijikuta nabaki mbele, safari hii nikiwa na wenzangu wawili dawati moja. Nilikuja kugundua ukubwani kwamba alikuwa anafanya makusudi. Mwaka ule nilikuwa wa tatu darasani.

Jua sasa. Watu wa nyanda za juu tunadanganywa na baridi. Unaona ukungu, unavaa koti, unadhani jua halipo. Kadiri unavyopanda juu, miale inayounguza ngozi inaongezeka, kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mstari wa asubuhi wa nusu saa unatosha kumuunguza mtoto wa aina yangu. Mimi niliruhusiwa kusimama kivulini peke yangu kwenye baraza la ofisi, kama niliyeadhibiwa. Shule anayosoma mwanangu wamefanya tofauti: mstari ni saa moja na nusu asubuhi, mfupi, upande wa magharibi wa jengo ambako kivuli bado kipo, na kofia ya ukingo mpana imeruhusiwa kwa mtoto yeyote. Ukipita unaona kofia sitini, wenye ualbino ni wawili.

Mkiwa na mtoto kama huyo shuleni kwenu, ulizeni hospitali ya wilaya kuhusu mafuta ya kuzuia jua, kuna yanayotengenezwa hapa hapa nchini, hospitali ya KCMC Moshi. Na mtihani wa darasa la saba mwenye uoni hafifu anastahili karatasi ya maandishi makubwa na muda wa nyongeza, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na 10 kwa masomo mengine. Lakini shule lazima itoe taarifa mapema wakati wa usajili, ndipo karatasi ije. Mimi sikuandikiwa. Nilifanya mtihani wangu pua ikiwa juu ya karatasi.

---

Mama wa Tukuyu

KofiaPana, mwanangu, umeniliza. Ubarikiwe wewe na mwalimu yule.

Naomba kuuliza walimu mliomo humu: mjukuu wangu sikio moja halisikii na la pili linasikia kidogo. Mvua za huku kwetu mnazijua, kuanzia mwezi wa tatu bati linapiga siku nzima. Anasema mvua ikinyesha anakaa tu anamwangalia mwalimu mdomo. Wanamwita mzembe.

---

MwalimuUsangu

Shikamoo mama. Mvua kwenye bati hata mwenye masikio mawili mazima hasikii, kwa hiyo muombe mwalimu wake afanye hivi kwa darasa zima: mvua ikianza, aache kusema, aandike. Kazi ya kusoma kimya au hesabu za ubaoni ziwekwe akiba kwa siku hizo. Siku za kawaida asiongee akiwa ameelekea ubaoni, maana mjukuu wako anasoma midomo bila hata kujua kuwa anaisoma. Lile sikio linalosikia kidogo lielekee kwa mwalimu. Na mpeleke hospitali apimwe, kuna masikio yanaziba kwa usaha tu yakatibika.

Sasa na mimi nichangie. Nafundisha Mbarali, kwenye mashamba ya mpunga. Darasa langu la kwanza lina watoto wa Wasangu, Wanyakyusa, Wahehe, Wabena waliofuata mpunga, na watoto wa wafugaji: Wasukuma, Wamasai, Wamang'ati. Kuna wanaoingia darasa la kwanza Kiswahili chao ni salamu na majina ya vyakula. Mwalimu anasema "fungueni ukurasa wa nne", mtoto anatazama jirani yake anafanya nini, naye anafanya. Ukimtazama kwa haraka unasema mzito. Anatafsiri kichwani, anachelewa nusu dakika, na nusu dakika hiyo wenzake wanacheka.

Nilikuta shuleni kuna kibao cha kamba. Ukikutwa unaongea kilugha unavishwa shingoni, unatafuta wa kumvisha mwingine, jioni wa mwisho anafagia. Nia ilikuwa Kiswahili kikue. Kilichokua ni ukimya. Wale wadogo wa wafugaji waliacha kuongea kabisa, kwa sababu neno lolote linalotoka mdomoni linaweza kuwa kosa.

Nilikiweka kile kibao kabatini. Kisha asubuhi, dakika tano tu, naandika neno moja la Kiswahili na kila mtoto analeta la kwao. Nilianza na "mtoto". Mnyakyusa akasema umwana. Mhehe akasema mwana. Msukuma, mtoto ambaye tangu Januari sikuwahi kusikia sauti yake, akasema taratibu, "ng'wana". Darasa likanyamaza, halafu kelele! "Mwalimu, zinafanana!" Wakaanza kujaribu wenyewe maneno mengine. Mmasai akaleta lake ambalo halifanani na lolote, nalo likawa ndilo wanalotaka wote kulitamka, yeye akawa mwalimu siku hiyo, anawarekebisha.

Kiswahili chao kimeongezeka au kimepungua? Kimeongezeka, maana sasa wanakiongea hata kama wanakosea. Ila wazazi wafugaji wakihama kiangazi kufuata maji na malisho bado nawapoteza watoto miezi miwili mitatu, na hilo sijapata dawa yake. Nawapa daftari lenye kazi waende nalo. Wengine wanarudi nalo limejazwa, wengine limewashiwa moto.

---

MatroniMakambako

Wanangu, nimestaafu, nilikuwa matroni wa bweni sekondari ya wasichana. Nitasema fupi.

Mkoa wetu wa Njombe unaongoza nchi kwa maambukizi ya VVU. Utafiti wa 2022/2023 ulitoa asilimia 12.7 kwa watu wazima. Maana yake katika bweni la wasichana mia wapo waliozaliwa nayo au waliofiwa na wazazi kwa ajili yake, na wanakunywa dawa kila siku saa ile ile. Nilipoanza kazi, walikuwa wanazificha ndani ya soksi, kwenye kopo la mafuta, mmoja alizifukia nje kwenye mfuko wa nailoni. Siku akishindwa kwenda kufukua, hanywi. Na dawa zile ukiruka ruka virusi vinazizoea.

Nikanunua visanduku vya plastiki vya rangi moja, vile vya kuwekea sabuni. Nikatangaza: mtu yeyote mwenye dawa ya kila siku, iwe ya pumu, kifafa, sikoseli, vidonda vya tumbo, chochote, dawa zinakaa kwangu kwenye kisanduku chenye namba, saa tatu usiku baada ya maombi mnakuja kunywa na maji ya uvuguvugu. Walikuja zaidi ya ishirini. Nani anakunywa nini, alijua mwenyewe, mimi na nesi. Mpaka wenye chunusi walikuja na vidonge vyao, nikawapokea, walinisaidia kuongeza foleni.

Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza kutoa siri ya mtu na kumbagua. Lakini sheria haikai bwenini usiku. Visanduku vilikaa.

---

BintiAliyerudi

Mimi ni wa Iringa. Nilipata mtoto nikiwa kidato cha pili, nikafukuzwa. Tangazo la kuturuhusu kurudi lilipotoka Novemba 2021 nikarudi. Getini nilipokelewa vizuri. Wiki ya kwanza mwalimu akanisimamisha mbele ya kidato kizima, akasema mtazameni mwenzenu, amekosea lakini ana ujasiri, awe mfano kwenu.

Alinisifu. Najua alinisifu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilikaa nyumbani wiki mbili. Aliyenirudisha ni mwalimu wa Jiografia, alimtuma mwenzangu na daftari lake ninakili niliyokosa, bila ujumbe wowote. Niliporudi akaniita kwenye zamu ya kufuta ubao kama kawaida. Ndipo nikajua nimekuwa mwanafunzi tena. Kidato cha nne nimemaliza.

---

MzaziNjombe

Nimesoma yote. Mama matroni, wewe ni jirani yangu na sikujua kazi hiyo ilifanyika. Binti, hongera sana, mdogo wangu.

Nirudi kwenye hoja yangu. Nilisema niliitwa nikapewa blanketi na sikufa. Ni kweli. Ila usiku nimekumbuka kitu: lile blanketi lilikuwa na maandishi ya waliotoa, makubwa katikati, na mimi miaka yote nililala nimegeuza maandishi chini. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Bado nasema wizi upo na msipoweka macho mtaibiwa. Pendekezo langu kwa kikao chako dada: orodha itengenezwe na watu wanne, mwalimu mkuu, mwenyekiti wa mtaa, mjumbe mmoja wa kamati na mzazi mmoja asiye mjumbe, tena huyo wa mwisho abadilishwe kila mwaka. Mlezi aje kuchukua mwenyewe, atie sahihi au dole gumba. Idadi ibandikwe ubao wa matangazo. Na anayetaka kukagua majina aende ofisini akiwa mtu mzima mwenye jina lake.

---

FundiSweta

Nimerudi ndugu zangu. Kikao kilikuwa Jumamosi, kuanzia saa nne mpaka saa nane na nusu.

Nilipeleka sweta mbili nikaziweka mezani, ile ya msaada na ya kwetu, sikusema neno kwanza. Mwalimu mkuu alizitazama, akaichukua ile isiyo na mstari, akaivuta vuta shingo, akasema, "Kumbe." Kisha akasimulia kwamba yeye mwenyewe alisoma kwa kuvaa kaptula ya kaka yake yenye rangi tofauti. Baada ya hapo kikao kilikuwa chepesi.

Yaliyopitishwa: majina hayasomwi tena mstarini, utaratibu ni ule wa kaka MzaziNjombe wa watu wanne, na nimeusema kuwa ni wa kwako. Mstari wa asubuhi tumeuhamishia kivulini na kofia ni ruhusa kwa wote. Tuna mtoto mmoja mwenye ualbino darasa la sita, na mwalimu wa taaluma amechukua jukumu la kumwandikisha kwa karatasi ya maandishi makubwa mwakani. Kusoma kwa sauti wakati wa kuandika ubaoni, walimu walicheka kwanza, mmoja akasema koo litakauka, kisha wa darasa la tatu akasema yeye amekuwa akifanya hivyo siku zote bila kujua ni jambo. Watajaribu.

Yaliyokwama: chakula. Habari ya Kilolo niliisoma yote kwenye simu, wakaguswa, lakini sisi ni mjini, wazazi wengi ni wa kibarua, hakuna debe la mahindi baada ya mavuno wala shamba la shule. Wamesema tukae tena Septemba. MwalimuKilolo, naomba nikutafute tuongee kwa kirefu, hasa namna mlivyowajibu wale waliotoa. Na orodha ya mlangoni jikoni kwetu bado ipo. Jumatatu nilipita, nikaiona.

Wale watoto 15 waliobaki na sweta zisizo na mstari, mwalimu wa kike wa darasa la tano ameniletea zote kwenye kiroba, alizikusanya kwa walezi wao. Naziweka njano moja moja usiku.

---

MdauWaUyole

Mama fundi, mimi simo kati ya waliotoa sweta zile, ila kila mwaka mimi na wenzangu wa kikundi chetu tunatoa kitu shuleni, na picha tunapiga. Nimesoma uzi huu wote na mke wangu. Mwakani tulipanga sweta 30 kwa shule nyingine ya huku Uyole. Tufanyeje?

---

FundiSweta

Baba, ahsante. Msinunue zilizokwisha kufumwa. Nendeni kwanza shuleni mkaombe sweta moja ya mtoto yeyote, mje nayo kwa fundi, alinganishe uzi juani, usiku rangi zinadanganya. Hesabuni mistari ya shingo na ya mkono. Ukubwa msikisie: mwalimu wa darasa anaweza kupima watoto wote siku moja, nanyi mkapata namba bila kujua ni za nani. Kisha zipelekeni kwa mwalimu mkuu ofisini, mlezi achukue kwa sahihi.

Picha pigeni ya marobota ya uzi, au mimi nikiwa kwenye mashine, sina tatizo.

Mkitaka nifume mimi, leteni uzi kabla ya katikati ya Aprili. Mashine ni moja na sweta moja inanichukua karibu siku nzima.